Ikitimizwa Moja, Nyengine Zimekufa

Mpenzi msikilizaji, mtu akikuletea barua ileile mara tatu leo utamwita msumbufu. Lakini karibu miaka 190 iliyopita, hapa bandarini Unguja, mfanyabiashara aliyeandika barua muhimu ya ng'ambo na kuipeleka mara moja tu ndiye aliyehesabiwa kuwa mzembe. Wenye hadhari walipeleka mbili au tatu. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya nakala: kwa nini watu wa zamani walizitaka, vipi walizizuia zisilete hasara, na vipi maarifa hayo yalikuja kuzaliwa upya ndani ya kompyuta. Jambo lenyewe laonekana dogo. Hata hivyo linamgusa kila mwenye simu mkononi, na mara nyengine linagusa uhai wa mtu.

Tuanze na bandari. Mwezi wa Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem, jimbo la Massachusetts, akawasili Unguja kuwa konseli wa nchi hiyo. Merikebu za Salem zilileta kitambaa ambacho jina lake tunalo mpaka leo, merikani, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Forodha ilikuwa mikononi mwa Jairam Shivji, tajiri wa Kibaniani mwenye asili ya Kutch. Njia ya Marekani ilikuwa ya kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya kwenda peke yake ilikula miezi. Njiani kulikuwa na tufani, miamba, moto na maradhi. Merikebu ikizama, barua iliyomo imezama nayo, na aliyeiandika hatojua mpaka nusu mwaka ipite bila ya jawabu.

Desturi ya wafanyabiashara wa bahari za mbali ikawa hii: barua muhimu huandikwa mara mbili au tatu, na kila nakala hupandishwa merikebu yake. Moja ikipotea, nyengine itafika. Kwa barua ya kawaida hapana tabu. Mpokeaji akizipata zote tatu atasoma moja na kuziweka mbili. Lakini tuseme karatasi ile si barua ya salamu bali ni hundi, amri ya kumlipa fulani dola 1,000 huko London au Salem. Zikifika zote tatu, atalipwa mara tatu?

Dawa iliandikwa ndani ya hundi yenyewe. Ya kwanza ilisema kwamba yenyewe ni ya kwanza, na ilipwe iwapo ya pili na ya tatu hazijalipwa. Ya pili ilisema kwamba yenyewe ni ya pili, na ilipwe iwapo ya kwanza na ya tatu hazijalipwa. Hati ya shehena nayo, ile ambayo nahodha huitia saini kukiri kwamba amepokea mzigo, ilitolewa kwa seti ya nakala, kwa kawaida tatu, na mwisho wake pakaandikwa maneno yenye maana hii: ikitimizwa moja kati ya hizi, zilizobaki ni batili. Mwenye nakala moja akishachukua magunia yake ya karafuu, anayekuja kesho na nakala nyengine amekuja na karatasi tupu.

Wazee hao hawakupiga marufuku nakala, kwa sababu nakala ndizo zilizookoa mali. Walichofanya ni kuzifanya nakala zijuane. Kila moja ilibeba mambo matatu: nambari yake, habari za wenzake, na sharti kwamba kazi ikishafanywa kwa moja, nyengine zimekufa.

Habari ya mdomo haina mahali pa kuandika sharti hilo, na hapa Unguja tuna mfano wake mkubwa. Mwezi wa Disemba 1866, Musa na wenzake, watu wa kisiwa cha Anjouan katika Komoro, walifika mjini wakitokea bara. Walikuwa katika msafara wa Dk. David Livingstone, na walisema kwamba bwana wao ameuawa huko upande wa Ziwa Nyasa. Walihojiwa kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza. Habari ikatoka Unguja ikaenda London, magazeti yakanakiliana, na ingawa wapo waliotilia shaka, wengi waliamini. Kumbe walimkimbia njiani. Mwaka 1867 msafara wa E. D. Young ulikwenda kutafuta ukweli, ukakuta kwamba Livingstone alipita salama kule alikosemekana amekwisha kufa. Alifariki mwaka 1873.

Angalia ilivyokuwa. Vinywa vilikuwa vingi, lakini habari ilikuwa moja, na imetoka mahali pamoja. Aliyehesabu vinywa alidhani ana mashahidi wengi. Aliyehesabu chanzo aliona kwamba anaye mmoja tu. Wanavyuoni wetu wa hadithi wanaijua tofauti hiyo tangu zamani, ndiyo maana hawatosheki na wingi wa wasemaji. Huuliza huyu kaipokea kwa nani, na yule kaipokea kwa nani.

Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Sasa neno liliweza kufika ng'ambo bila ya kungoja merikebu wala msimu wa upepo. Haja ya kupeleka barua moja kwa vyombo vitatu ikapungua, na maarifa ya kuzifanya nakala zijuane yakabaki kwa manahodha, mawakala wa meli na watu wa benki.

Miaka 100 baada ya waya ule kufika, yaani mwaka 1979, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni njia ya kuunganisha kompyuta za vyuo ili zipelekeane habari kwa laini za simu. Mtandao huo uliitwa Usenet, na ulifunguliwa kwa watu wengine mwaka 1980, wakati intaneti kama tunavyoijua leo ilikuwa bado.

Kwa msikilizaji ambaye hakuiona Usenet, nitaifananisha na barza zetu. Pale Jaws Corner, Soko Muhogo, watu hunywa kahawa wakazungumza siasa. Barza nyengine ni ya mpira, nyengine ni ya wavuvi. Usenet ilikuwa na barza kwa maelfu, kila moja na jina lake na mada yake. Tofauti ni kwamba barza hizo hazikuwa na mtaa. Kila kompyuta kubwa, ambayo huitwa seva, iliweka nakala za barza ilizozitaka. Ukibandika makala kwenye seva yako, seva ilimpa jirani, jirani akampa jirani yake, mpaka makala ikaenea nchi nyingi.

Hapo tabu ya wafanyabiashara wa Salem ikarejea. Seva yenye majirani wawili huweza kuletewa makala moja kutoka pande zote mbili. Ikiipokea mara mbili na kuigawa mara mbili, baada ya siku chache mtandao mzima utajaa makala hiyo moja. Waliounda Usenet wakaipa kila makala nambari ya utambulisho, ambayo haipewi makala nyengine popote. Seva iliweka daftari la nambari ilizokwisha kuzipokea. Makala ikija mara ya pili kwa njia nyengine, seva hutazama daftari, ikaikuta, ikaikataa. Tena kila makala ilibeba orodha ya seva ilizopitia, ili isirudishwe ilikotoka.

Lakini palikuwa na nakala za aina ya pili, nazo zilitokana na mwandishi mwenyewe. Tuchukue mfano wa kijana wa Kizanzibari anayesoma Marekani mwaka 1992, ana swali juu ya ngeli za Kiswahili. Swali linafaa barza ya wanaisimu, iliyoitwa sci.lang, na linafaa pia barza ya mambo ya Afrika, iliyoitwa soc.culture.african. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kuliandika swali mara moja na kuzitaja barza zote mbili katika mstari mmoja wa juu. Ya pili ni kulibandika huku, kisha kulibandika tena kule. Kwa mtumaji njia hizo ni sawa. Kwa msomaji ni mbali kama mbingu na ardhi.

Akifuata njia ya kwanza, makala inabaki moja, yenye utambulisho mmoja. Seva huiandikia mstari uitwao Xref, unaosema kwamba makala hii ni ya ngapi katika barza hii na ni ya ngapi katika barza ile. Sasa, programu za kusomea zilikuwa na daftari la kila msomaji. Mojawapo ilikuwa rn, iliyotolewa mwaka 1984 na Larry Wall. Daftari lilionyesha katika kila barza ni nambari zipi ambazo mtu amekwisha kuzisoma. Ukiisoma makala katika barza ya kwanza, programu iliutazama ule mstari wa Xref na kuitia alama katika barza ya pili pia kwamba imesomwa. Ukifika huko huioni tena. Ikitimizwa moja, nyengine zimekufa.

Akifuata njia ya pili, makala ni mbili, na kila moja ina utambulisho wake. Programu haina pa kujua kwamba ni kitu kimoja. Msomaji wa barza zote mbili atasoma mara mbili, na hiyo ndiyo hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba mazungumzo yanagawika. Katika barza ya wanaisimu mtu amelijibu swali Jumatatu, akalimaliza. Katika barza ya Afrika watu wanabishana mpaka Ijumaa, hawana habari kwamba jawabu limekwisha kutoka. Ndiyo maana waandishi waungwana, walipobandika makala katika barza kadhaa, walitaja pia barza moja ambako majibu yote yaende.

Utaratibu huo ulitegemea adabu ya anayebandika. Tarehe 12 Aprili 1994 adabu hiyo ilivunjwa hadharani. Mawakili wawili wa jimbo la Arizona, mtu na mkewe, Laurence Canter na Martha Siegel, walitangaza biashara yao katika barza zaidi ya 5,000. Hawakuliandika tangazo mara moja na kuzitaja barza. Walitumia programu iliyolibandika upya katika kila barza, moja baada ya moja. Kwa hivyo kila nakala ilikuwa na utambulisho wake na hakuna iliyomjua mwenzake. Mtu alilisoma tangazo katika barza ya muziki, akalikuta katika barza ya upishi, akalikuta tena katika barza ya hisabati. Watu walikasirika, wakatuma malalamiko mengi hata mashine za kampuni iliyowauzia huduma mawakili hao zikalemewa, na akaunti yao ikafungwa. Baadaye Mnorwe mmoja, Arnt Gulbrandsen, aliwatengenezea programu ya kuwafuata nyuma na kufuta kila walichobandika.

Na tangazo lenyewe lilikuwa la nini? Lilikuwa la bahati nasibu ya viza za Marekani, hiyo hiyo ambayo vijana wetu waliijua kwa jina la Green Card. Mawakili walitaka kulipwa kwa kumsaidia mtu kuomba, na wakati huo kuomba kwenyewe hakukuwa na ada. La ajabu zaidi ni sheria ya bahati nasibu hiyo, iliyopitishwa mwaka 1990. Inasema kwamba mtu akituma maombi zaidi ya moja, maombi yake yote yanabatilika. Kwa hivyo walitumia maelfu ya nakala kutangaza jambo ambalo kutuma nakala mbili tu kulitosha kumharibia mtu. Miaka ya baadaye, fomu zilipokuwa zinajazwa kwa kompyuta, sharti hilo lilikuwa mtego kwa mwenye pupa. Kijana anajaza mwenyewe kwenye duka la intaneti, na binamu yake aliyeko Maskati anamjazia tena kwa kumtakia heri. Wema umekuwa mara mbili, na viza haipo.

Baada ya mkasa ule, watu wa Usenet walihitaji kipimo cha kujua ni wakati gani nakala zimepita kiasi. Kipimo kilichokubalika zaidi kinaitwa kwa jina la Seth Breidbart. Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kila makala iliyobandikwa, tazama imetaja barza ngapi, tafuta kipeuo cha pili cha idadi hiyo, kisha jumlisha. Makala moja iliyotaja barza 16 inahesabiwa 4, kwa sababu 4 mara 4 ni 16. Makala hiyo hiyo ikibandikwa mbali mbali katika barza 16, inahesabiwa 16. Jumla ikifika 20 ndani ya siku 45, nakala zile zilistahili kufutwa.

Hapa pana busara mbili. Ya kwanza, kipimo kilimpunguzia mzigo mwenye kuzifanya nakala zake zijuane, na kikamuongezea mwenye kuzificha. Ya pili ni kubwa zaidi: hakikuuliza makala inasema nini. Iwe siasa, dini, biashara au matusi, kilichohesabiwa ni nakala. Watu waliogopa kwamba wakianza kuhukumu maneno, kesho atapatikana wa kuwafungia wao midomo. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahukumu maneno, kwani inamshika anayechapisha habari za uongo kwa makusudi. Serikali nyingi duniani zina sheria kama hizo. Lakini sheria hufika mahakamani wakati habari imekwisha kufika kila nyumba, na kuna nakala nyingi zinazodhuru ambazo hazina uongo ndani yake.

Nitaeleza. Usenet imefifia. Chuo cha Duke, ilikozaliwa, kilifunga seva yake mwaka 2010, na Google ikaacha kuipokea mwaka 2024. Barza zetu sasa ziko ndani ya simu: kikundi cha ukoo, cha mtaa, cha waliosoma skuli pamoja, cha timu, cha harusi ya fulani ambayo imekwisha kupita. Ujumbe mmoja unaingia katika vikundi sita, nawe unaufungua mara sita, kwa sababu simu haikuonyeshi kwamba ulikwisha kuusoma. WhatsApp ilianza mwaka 2018 kutia alama ujumbe uliosambazwa. Mwaka 2019 ikaweka kikomo cha kuupeleka kwa mazungumzo matano kwa mara moja, na mwaka 2020, kwa ujumbe uliozunguka sana, kikawa kwa mmoja. Hatua hizo zimesaidia kupunguza mbio. Lakini alama ile ya mishale miwili inakwambia kwamba ujumbe umezunguka sana. Haikwambii umetoka kwa nani, lini, wala kama haja yake imekwisha.

Sasa chukua ujumbe wa kweli kabisa: mgonjwa anahitaji damu, kundi fulani, haraka. Hapana uongo ndani yake. Ndugu ameuandika kwa machozi, na marafiki wameusambaza kwa imani. Jioni watu watatu wamejitokeza, damu imepatikana. Lakini ujumbe haukuwa na tarehe, na hakuna nakala inayojua kwamba mwenzake amekwisha kulipwa. Kesho unaingia katika vikundi vya Ng'ambo, kesho kutwa uko Makunduchi, wiki ya pili uko Pemba. Mtu anaacha shamba lake, anapanda daladala mpaka hospitali, anaambiwa jambo hilo limekwisha zamani. Akipata mikasa miwili ya namna hiyo, wa tatu hatouamini. Na huenda huo wa tatu ndio wa leo, na mgonjwa yuko kitandani anangoja.

Hiyo ndiyo hasara ya nakala zisizojuana. Haiko katika kuchoka kwa vidole tu. Inakula imani ya watu kidogo kidogo, na imani ikiisha anayeumia ni yule mwenye haja ya kweli.

Kwa bahati dawa haihitaji mtaalamu wa kompyuta. Ukiandika ujumbe wa haja, andika tarehe na saa. Andika nani anauliza na nambari moja ya simu ambako majibu yote yaende, kama walivyofanya wale waungwana wa Usenet. Haja ikishatimia, rudi katika kila kikundi ulichokitumia na uandike kwamba imetimia, na uwaombe waliosambaza nao wafanye hivyo. Ukipokea ujumbe usio na tarehe, piga simu kwanza kabla ya kuupeleka mbele. Na ukiona habari moja katika vikundi vitano, usiseme una mashahidi watano. Wakumbuke Musa na wenzake, uulize imetoka kwa nani.

Karani wa Salem aliyeandika hundi kwa unyoya wa ndege, chini ya mwanga wa kandili, aliona umuhimu wa kuongeza maneno machache ili nakala ya pili isimdhuru mtu. Sisi tuna vyombo vinavyofikisha neno kabla kahawa haijapoa. Kuandika tarehe kunachukua muda gani?

Mpenzi msikilizaji, tukutane wiki ijayo, inshallah.